CLIMEX: lipia leseni, lakini usiinunue kwa ajili ya ramani ya 2080

Mtu akiniuliza kama alipie leseni ya CLIMEX, programu inayokadiria kama hali ya hewa ya mahali inamfaa kiumbe fulani, ili tathmini zake za hatari za visumbufu vya mimea zizingatie mabadiliko ya tabianchi, namwambia alipie. Kisha namuuliza anaitakia nini, na hapo ndipo tunapoanza kubishana. Wengi wanaitakia ramani. Dunia ya leo kushoto, dunia ya 2080 kulia, rangi nyekundu imepanda kuelekea nchi za baridi, wakubwa wanatikisa vichwa, kikao kimekwisha. Ramani hizo CLIMEX inazitoa, na zinapendeza. Lakini kazi yangu ni kupendekeza kisumbufu gani kiingie kwenye orodha ya karantini na kipi kisubiri, na kwa kazi hiyo ramani ya 2080 ndiyo kitu cha mwisho ninachokifungua. Mara nyingine sikifungui kabisa.

Kwa asiyeijua: hii ni programu ya Windows iliyotokana na CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia. Sutherst na Maywald waliieleza kwenye makala ya mwaka 1985, kwa hiyo ina umri mkubwa kuliko baadhi ya maofisa wanaoitumia leo. Mantiki yake ni rahisi kuielewa. Kila kiumbe kina kipindi cha kustawi na kipindi cha kuvumilia. Unaipa joto la juu na la chini la kila mwezi, mvua, na unyevu wa hewa wa asubuhi na wa alasiri. Yenyewe inaigawa miezi kuwa wiki, inakadiria unyevu wa udongo, halafu kwa kila wiki inapima kama mdudu anakua au anaumia. Kukua kuna fahirisi yake, GI. Kuumia kumegawanywa mara nne: baridi, joto, ukavu na maji kupita kiasi. Mwisho vyote vinazidishwa pamoja na unabaki na namba moja, EI, yaani fahirisi ya jumla ya jinsi mahali panavyomfaa kiumbe, kati ya 0 na 100. Sifuri maana yake kiumbe hawezi kudumu hapo mwaka hadi mwaka. Ukivuka 30 hivi, pahali hapo panamfaa sana. Mia huipati porini. Labda ndani ya kabati la maabara ambamo joto na unyevu havibadiliki.

Sasa nije kwenye ninachokipenda. Ukianza kisumbufu kipya unakutana na orodha ya vigezo vinavyodai namba. DV0 ni joto ambalo chini yake mdudu hakui. DV1 na DV2 ni mipaka ya joto analolifurahia. DV3 ni joto ambalo juu yake anakoma tena. Kuna PDD, yaani jumla ya joto anayohitaji kumaliza kizazi kimoja. Kuna vizingiti vya unyevu wa udongo, na kwa kila aina ya maumivu kuna mahali yanapoanzia na kasi yanayojikusanya nayo. Katika ripoti ya maneno matupu unaweza kuandika "hali ya hewa inafaa kwa kiasi" na hakuna atakayekusumbua. Hapa huna upenyo huo. Ama ni 12 ama ni 10, na ukiandika 12 mwenzako atakuuliza umeitoa wapi.

Na tofauti ya 12 na 10 si ndogo. Chukua mdudu mwenye kizingiti (DV0) cha nyuzi 12, anayehitaji nyuzi-siku 600 kwa kizazi, yaani nyuzi zilizo juu ya kizingiti zikijumlishwa siku kwa siku. Mahali penye wastani wa nyuzi 18, kila siku anajiwekea akiba ya nyuzi 6, kwa hiyo kizazi kinamchukua siku 100. Dunia ikipata joto la nyuzi 2 zaidi, akiba inakuwa 8 kwa siku na kizazi kinaisha kwa siku 75. Kwa mwaka ametoka kwenye vizazi vitatu na nusu na ushee hadi karibu vitano. Inatisha, na ndiyo sentensi ambayo kila mtu anapenda kuinukuu. Lakini sasa acha joto lilivyo, nyuzi 18, na ubadilishe kizingiti tu, kutoka 12 kwenda 10. Akiba ni 8 kwa siku. Siku 75. Vizazi vilevile karibu vitano.

Yaani kutokuwa na uhakika wa nyuzi 2 kwenye biolojia ya mdudu kuna uzito uleule na ongezeko la joto la nyuzi 2 duniani. Mimi naona hili ndilo somo kubwa ambalo programu hii inakupa, na inakupa ukiwa umekaa kwenye kiti chako, kwa kubadilisha namba moja na kubonyeza tena. Nimeshakaa kwenye vikao ambako watu wanagombana saa nzima kuhusu senario gani ya gesi joto (makadirio ya jinsi zitakavyoongezeka) itumike, wakati kizingiti cha mdudu mwenyewe kimetolewa kwenye jaribio moja la maabara lililofanywa kwa wadudu wa eneo moja. Ugomvi ungeanzia huko.

Mfano mzuri wa kazi iliyoanzia huko ni wa mdudu anayetoboa matunda ya kahawa, Hypothenemus hampei. Jaramillo na wenzake walianza maabara, wakachapisha mwaka 2009 kwamba mdudu huyu anakua kati ya nyuzi 15 na 32 hivi, na ndipo mwaka 2011 wakatumia CLIMEX kuonyesha jinsi maeneo ya kahawa ya Afrika Mashariki yatakavyozidi kumfaa. Unaweza kupinga senario walizochagua, na mdudu wao bado amepimwa.

Upande wa pili wa jambo hili ni kwamba si kila kiumbe kinaongozwa na wastani. Kiwavi wa misonobari, Thaumetopoea pityocampa, alisogeza mpaka wake wa kaskazini nchini Ufaransa kwa kilomita 87 kati ya 1972 na 2004. Viwavi hawa hula usiku, tena wakati wa baridi. Watafiti waligundua kwamba ili wale, kiota kinahitaji kupata zaidi ya nyuzi 9 mchana, na usiku unaofuata hewa isishuke chini ya sifuri. Kilichobadilika ni idadi ya usiku ambao chakula kilipatikana. Wastani wa mwaka ungekuambia kwamba joto limeongezeka kidogo tu na ukapita. CLIMEX nayo, kwa kuwa kwa kawaida inalishwa wastani wa miezi, haioni mchana na usiku mmoja mmoja. Unailazimisha kwa kurekebisha maumivu ya baridi hadi mpaka wa ramani ukubaliane na mpaka halisi. Inafanya kazi, lakini ujue kwamba hapo umeshona kiraka.

Jambo ambalo nadhani linampa mchambuzi faida kubwa kuliko yote ni kusoma GI na EI kwa pamoja. Kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, ndiye mwalimu wangu hapa. Mdudu huyu hana usingizi wa msimu wa baridi. Jalidi ikimkuta anakufa. Huko Amerika Kaskazini anapona majira ya baridi kusini mwa Florida na kusini mwa Texas tu, halafu kila mwaka nondo wake wanapaa kwenda kaskazini hadi Kanada, wanakula, na baridi ikirudi wanakwisha. Sasa chora ramani ya EI: sehemu kubwa ya safari hiyo itakuwa na sifuri. Msomaji asiye makini ataandika "hatari ndogo". Fungua GI ya sehemu ileile na utaona msimu wa joto mdudu anastawi vizuri tu. Yupo kama mgeni.

Hapo ndipo tabianchi inapoingia kwa maana inayosaidia uamuzi. Sitaki kujua mwaka 2080 utakuwa na rangi gani. Nataka kujua ni nyuzi ngapi za majira ya baridi zinazomtenganisha mgeni na mwenyeji. CLIMEX ina njia ya zamani, rahisi sana, ya kuongeza joto na kubadilisha mvua kwa msimu: ongeza nyuzi 1 wakati wa baridi, angalia, ongeza 2, angalia, ongeza 3. Maumivu ya baridi yanapungua hatua kwa hatua na kuna mahali EI inaruka kutoka sifuri. Ikiruka kwenye nyuzi 1, hilo ni jambo la kupangia bajeti sasa. Ikikaa sifuri hata baada ya 3, naweza kulala. Mgeni anapogeuka mwenyeji kila kitu kinabadilika: anaanza mapema msimu ukiwa mchanga, mimea ikiwa midogo, na hasubiri upepo umlete. Wenzangu wengi wanaidharau njia hii kwa sababu haina modeli kubwa ya hewa nyuma yake. Mimi naiona ya kweli zaidi, maana haidai kujua mwaka.

Usisahau pia kwamba joto linaua. Kuna DV3 na kuna maumivu ya joto, na ukiongeza nyuzi kwenye maeneo ambayo tayari yana joto kali, EI inashuka. Mdudu anaondoka, au anapanda milimani. Hii ni nusu ya hadithi ambayo haiingii kwenye hotuba. Ukipendekeza kwamba kisumbufu fulani kitapungua mahali fulani, watu wanakutazama kana kwamba umehongwa. Lakini masharti ya karantini yanayozuia biashara yanatakiwa yawe na sababu za kitaalamu, na sababu hizo zinaweza kuelekea chini kama zinavyoelekea juu.

Nije kwenye upungufu.

Wa kwanza ni data. Watu wengi wanaotumia CLIMEX kwa dunia nzima huilisha CliMond, seti ya data iliyotoka mwaka 2012. Toleo lile la kwanza lina "hali ya sasa" ambayo ni wastani wa 1961 hadi 1990, katikati yake ikiwa 1975. Soma tena: hali ya sasa, 1975. Ukichora ramani ya leo kwa data hiyo, umechora dunia ambayo tayari imeshapita, na sehemu ya mabadiliko unayoita ya baadaye imeshatokea huko shambani. Senario zake nazo ni A1B na A2, za kizazi cha zamani. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, inatumia familia nyingine kabisa, SSP. Hili halivunji uchambuzi, ila liandikwe wazi kwenye ripoti, ukurasa wa mbele, na kama kuna kipindi cha karibu zaidi unachoweza kupata, tumia hicho. Nimepitia ripoti za watu ambamo neno "sasa" limetumika tangu mwanzo hadi mwisho bila mwaka hata mmoja.

Wa pili ni matukio. Uvamizi wa nzige wa jangwani wa 2019 na 2020 ulianzia kwenye mvua za vimbunga viwili, Mekunu cha Mei 2018 na Luban cha Oktoba 2018, vilivyomwaga maji kwenye jangwa la Rub' al Khali huko Arabuni. Nzige walizaliana pale vizazi kadhaa mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwaona. Wastani wa miaka 30 wa jangwa lile ungekuambia pakavu, na ungekuwa sahihi, na ungekosa kila kitu. Nzige si kisumbufu cha kuzuia bandarini, najua, lakini tatizo ni lilelile kwa fangasi wanaosubiri wiki tatu za mvua mfululizo. CLIMEX ina sehemu ya kulinganisha miaka, unaweza kuilisha mwaka mmoja mmoja badala ya wastani. Itumie. Mwaka mbaya mmoja kati ya kumi unatosha kumpa mdudu mguu wa kwanza, hasa akiwa anaweza kujificha ndani ya banda la kuoteshea au shamba la umwagiliaji. Umwagiliaji, kwa bahati nzuri, unaweza kuuongeza kwenye programu, na ukiuongeza maeneo makavu yanabadilika sura kabisa. Ramani isiyo na umwagiliaji kwa mdudu wa mboga naiona haijakamilika.

Wa tatu ni yale ambayo programu haigusi kabisa, na hapa sitailaumu kwa sababu haijawahi kudai kuyagusa. ISPM 11, kiwango cha Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea kinachotuongoza, kinataka utathmini kuingia, kujiimarisha, kuenea na madhara. CLIMEX inajibu sehemu ya kujiimarisha, na kidogo kuenea. Haijui meli zinatoka wapi. Haijui kama mmea anaoula mdudu upo pale. Haina maadui wake wa asili, wala hewa ya ukaa inavyobadilisha majani anayoyatafuna. Tabianchi inagusa yote hayo: zao likihamia mwinuko mwingine, mnunuzi akihamia nchi nyingine, njia ya kuingilia imebadilika hata kama mdudu hajabadilika. Sehemu hii unaiandika kwa kichwa chako na kwa kuwauliza watu wa biashara.

Nimeona pia tathmini zikibandika takwimu kubwa karibu na ramani ili kuipa nguvu. Ile ya Bebber na wenzake ya 2013, kwamba visumbufu na vimelea 612 vilikuwa vimesogea kuelekea ncha za dunia kwa wastani wa kilomita 2.7 kwa mwaka tangu 1960, ni kazi nzuri, lakini ni wastani wa viumbe vyenye tabia tofauti kabisa, na imejengwa juu ya kumbukumbu za nani aliripoti nini na lini. Ile ya Deutsch na wenzake ya 2018, hasara ya ngano, mchele na mahindi kuongezeka kwa asilimia 10 hadi 25 kwa kila nyuzi moja, nayo ni ya dunia nzima. Hakuna hata moja inayokuambia kuhusu nondo aliye mezani kwako. Zinafaa kwenye utangulizi.

Kuhusu mwaka wa kuchagua, mimi nafuata mmea. Kwa zao la msimu sivuki miaka 10 au 15 mbele; aina za mbegu na dawa zitakuwa zimebadilika na tathmini itakuwa imerudiwa. Kwa miti ya mbao inayopandwa leo ivunwe baada ya miongo, basi ndiyo, 2070 au 2080 ina maana, kwa sababu mti utakuwepo. Misitu ya British Columbia, nchini Kanada, inatosha kuwa ushahidi: majira ya baridi yalipolegea, mbawakawa wa misonobari, Dendroctonus ponderosae, hakufa kama zamani, na zaidi ya hekta milioni 18 za msitu zikaguswa. Aliyeipanda au kuisimamia misitu ile hakuwa na nafasi ya kubadilisha aina ya mbegu msimu uliofuata.

Washindani wake? MaxEnt, programu nyingine, haina malipo na inajifunza kutokana na mahali mdudu alipoonekana. Kwa hali ya leo naipenda. Kwa baadaye naiogopa, kwa sababu ukiipeleka kwenye joto ambalo haijawahi kuliona kwenye data, itakupa jibu bila kuona haya. CLIMEX angalau inajua kwamba juu ya DV3 mdudu anakoma. Kama ombi la uagizaji linataka jibu wiki ijayo na uko peke yako ofisini, ramani za Köppen-Geiger za 2018, zinazoigawa dunia kwa aina za hali ya hewa kwa vipande vya kilomita 1, za 1980 hadi 2016 na za 2071 hadi 2100, pamoja na hesabu ya nyuzi-siku kwenye lahajedwali, zitakufikisha mbali kuliko unavyodhani. Huhitaji leseni kwa hilo.

Leseni inalipa kwa ofisi yenye mtu anayeweza kukaa na mdudu mmoja kwa utulivu, asome maabara zake zote, na arudi kwenye vigezo tena na tena. Ofisi isiyo na mtu huyo itapata ramani nzuri zenye vigezo vilivyonakiliwa kutoka makala ya mtu mwingine.

Atakayeinunua aanze na kisumbufu anachokijua tangu zamani, kilichoenea na kutulia, asianze na kile kipya kinachowatia watu wasiwasi. Akiweka vigezo na ramani ikamwonyesha mdudu anaishi pahali ambapo hajawahi kuripotiwa, asikimbilie kupunguza namba ili ramani ikae sawa. Kwanza aulize kama kuna mtu yeyote aliyewahi kwenda kumtafuta huko.